Geji imejaa, lori halisimami

"Nina Scania ya mtumba na tela la ekseli tatu. Tunapakia Dar kwenda Tunduma, na mara nyingi linarudi na shaba. Dereva wangu ni mzoefu, hanywi, hakimbizi. Safari mbili zilizopita, akiwa anashuka mlima wa Kitonga na mzigo, breki zilianza kunuka kuungua, akawa anakanyaga lakini gari linashikwa kidogo tu, ilhali geji zote mbili zilikuwa juu ya bar 8. Gia ndiyo iliyomwokoa. Fundi wetu alibana slaki zote, kama anavyofanya kila gari likirudi yadi, akasema mambo sawa. Madereva wenzake wanamshauri azibe breki za mbele ili kichwa, yaani gari la mbele linalovuta, kisijikunje na tela, na mlimani atumie breki ya tela peke yake. Mimi si fundi. Nimwambie fundi aangalie nini?"

Ndugu yangu, pole kwa hofu hiyo, na mpe pole dereva wako kwa niaba yangu. Kinachokusumbua ni kwamba upepo upo, breki hazipo, na fundi kasema sawa. Nilisoma swali lako mara mbili, na nilipofika pale kwenye "kama anavyofanya kila gari likirudi yadi" nikaweka kikombe chini. Jibu liko hapo. Slaki ni ule mkono wa chuma unaozungusha breki ya kila gurudumu, na kuibana ni kusogeza breki karibu na gurudumu. Inayohitaji kubanwa kila safari ni ugonjwa, na huyo anayeibana kila safari anauficha, ingawa anafanya kwa nia njema.

Tuanze na geji. Geji inakuonyesha upepo ulio ndani ya tanki, basi. Haijui kinachoendelea kwenye gurudumu. Ni sawa na kisima kilichojaa maji ilhali kamba ya ndoo haifiki: utaona maji yanang'aa chini, na utalala na kiu. Na pedali nayo haikuambii kitu. Kwenye gari dogo la breki za mafuta, breki zikianza kuchoka pedali hulegea, mguu unahisi. Kwenye breki za upepo pedali ni vali tu, inafungua njia ya upepo. Itakuwa na uzito uleule mguuni hata kama nusu ya magurudumu hayashiki. Ndiyo maana madereva wazuri wanashtukizwa.

Sasa tufuate upepo wenyewe. Dereva akikanyaga, upepo unaingia kwenye busta, ile kopo ya chuma iliyo karibu na kila gurudumu. Ndani kuna kiwambo cha mpira chenye eneo la inchi za mraba 30 kwa busta nyingi za nyuma na za tela. Ndiyo hiyo namba 30 unayoikuta kwenye mwili wake. Kwa psi 100 (pauni 100 kwa kila inchi ya mraba), ambazo ni karibu bar 7, kiwambo kinasukuma fimbo kwa nguvu ya pauni 3,000, yaani zaidi ya kilo 1,300. Fimbo inasukuma slaki, slaki inazungusha kemu, kemu inatanua viatu vya breki, na lainingi, ile ngozi ya viatu inayosugua, zinagusa dramu, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu. Kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu vina busta 12. Kila moja inapaswa kufanya kazi yake.

Tatizo ni kwamba fimbo ina kikomo cha safari. Busta ya 30 ya kawaida inaishia karibu milimita 64, na nguvu yake huanza kuporomoka kabla ya hapo. Kwa hiyo kipimo kinachokubalika kwenye ukaguzi ni milimita 51, inchi mbili. Ikizidi, busta hiyo ihesabu kuwa imekufa, hata kama inapumua vizuri na haivuji. Kwa busta ya 24, kikomo ni milimita 44. Zipo pia za safari ndefu, ambazo kikomo chake ni cha juu zaidi, na kwa kawaida hutambulika kwa matundu ya upepo yenye umbo la mraba badala ya duara. Fundi ajue anashika ipi kabla ya kutoa hukumu.

Na hapo ndipo Kitonga inapoingia. Ukiwa na tani 50 kwa jumla, kila mita 100 unazoshuka kwa wima zinazalisha joto la kutosha kuchemsha lita 150 za maji, karibu robo tatu ya pipa. Sehemu ya joto hilo inachukuliwa na injini, upepo wa njiani na matairi. Kilichobaki kinaingia kwenye dramu. Chuma kikipata moto kinatanuka, na dramu ikitanuka inazikimbia lainingi. Inaweza kutanuka milimita moja tu na kidogo, lakini kwa sababu slaki ni mkono mrefu na kemu ni fupi, milimita hiyo moja inageuka milimita 10 na zaidi kwenye fimbo. Fimbo iliyopimwa asubuhi yadini, chuma kikiwa baridi, ikasoma 47, fundi akaridhika, katikati ya mlima itakuwa inatafuta 57 au 60. Haifiki. Na lainingi zenyewe zikishaiva kupita kiasi hupoteza mshiko. Hiyo ndiyo harufu aliyoisikia.

Kisha mzigo unahamia kwa wengine. Tuseme busta nne kati ya 12 zimeachia. Nane zilizobaki zinabeba kazi ya zote, zinapata moto zaidi, dramu zao zinatanuka zaidi, nazo zinaanza kuachia. Breki za upepo hazifi ghafla kama watu wanavyosimulia. Zinakufa moja baada ya nyingine, na dereva anagundua ya mwisho.

Nikae kidogo kwenye hendibreki, kwa sababu nasikia kila siku "zikigoma nitavuta hendibreki". Ndani ya busta za nyuma na za tela kuna springi nzito inayozuiwa na upepo. Upepo ukiisha, springi inaachia na kufunga breki. Ni wazo zuri la tangu enzi za treni: George Westinghouse alisajili breki yake ya upepo mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaigeuza ili bomba likipasuka treni isimame yenyewe. Lakini angalia springi hiyo inasukuma nini. Inasukuma fimbo ileile, slaki ileile, viatu vilevile, dramu ileile ya moto. Kama fimbo imemaliza safari yake kwa breki ya mguu, hata springi haitaifikisha. Hendibreki ni ya kuegesha. Usimwachie dereva aihesabu kama akiba ya mlimani.

Turudi kwa fundi wako. Scania ya miaka hii, na matela mengi, yana slaki zinazojirekebisha zenyewe. (Kama kichwa chako ni cha diski, kirekebishi kiko ndani ya kalipa, na huyo hana cha kubana kabisa.) Slaki ya aina hiyo, ikiwa nzima na imefungwa sawasawa, haiguswi na spana ila siku ya kubadilisha lainingi au kuifunga upya. Ikionekana imelegea, kuna kitu kimeizuia kufanya kazi: bushi za kemu zimelika, tundu la pini inayounganisha fimbo na slaki limelika na kuwa umbo la yai, kile kimkono kinachoshikilia slaki kwenye ekseli kimepinda au kimekatika, au slaki yenyewe imekufa ndani. Ukiibana kwa spana, kwa siku mbili tatu inaonekana nzima, halafu inarudi palepale. Zaidi ya hapo, kuilazimisha kila mara kunasaga meno yake ya ndani, kwa hiyo unaiharibu kwa kuitibu.

Hili si la fundi wako peke yake. Aprili 2003, huko Glen Rock, Pennsylvania, Marekani, lori la tipa lilikosa breki mtelemkoni likagonga magari manne, watu wakafa. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafirishaji uligundua, pamoja na mzigo kuzidi na dereva asiyefundishwa breki za upepo, kwamba mafundi walikuwa hawajatambua chanzo halisi cha breki kulegea kwenye slaki za kujirekebisha. Nchi nyingine kabisa, spana ileile.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana kwenye gereji moja, nilibana slaki za tela zima kwa mikono ya ujana, nikakaza mpaka mwisho, sikurudisha nyuma. Nilijiona fundi. Tela lilirudi baada ya siku nne likiwa na habu moja imeungua mpaka grisi imekuwa lami. Slaki za zamani za kubana kwa mkono zinakazwa mpaka lainingi iguse dramu, halafu unarudisha nyuma robo hadi nusu mzunguko. Nilikuwa naijua robo hiyo, nikaona itanichelewesha.

Kwa hiyo mwambie fundi asibane chochote kwanza. Apime. Gari likae sehemu tambarare, magurudumu yawekewe magogo au mawe mbele na nyuma, upepo ujae, hendibreki iachiwe, injini izimwe. Upepo uwe kati ya psi 90 na 100, yaani bar 6.2 mpaka 6.9, kama umezidi, upunguzwe kwa kukanyaga pedali mara kadhaa. Kwa chaki achore alama kwenye fimbo pale inapotokea kwenye mdomo wa busta. Utingo akae kwenye kiti akanyage mpaka mwisho na ashikilie. Fundi apime alama imesogea milimita ngapi. Arudie gurudumu hadi gurudumu, aandike. Asiandike "iko poa", aandike namba. Kazi yote haimalizi saa moja, na vifaa vyake ni chaki na rula. Wakati huohuo aangalie pembe: breki ikiwa imekanyagwa, fimbo na slaki zikaribie pembe mraba. Na aangalie namba za busta kulia na kushoto kwenye ekseli moja. Nimeona mara nyingi upande mmoja una 30, mwingine una 24 iliyotolewa gari jingine kwa dharura, na wote wanashangaa kwa nini tela linavuta upande.

Kuna kitu kingine kwenye tela ambacho karibu hakuna anayekikagua. Matela mengi ya springi za majani yana vali inayopima uzito: tela likididimia kwa mzigo, kimkono kinasogea na vali inaruhusu upepo mwingi, tela likiwa tupu, inapunguza ili matairi yasiburuze. Mtu akiongeza majani ya springi ili tela libebe zaidi, tela halididimii kama zamani, na vali inadhani halina mzigo. Breki za tela zinapata upepo kidogo, kichwa kinabeba kila kitu. Au kimkono kimekatika, kikafungwa kwa waya wa binding pale kilipoangukia. Kama tela lako lina vali hiyo, waulize walioongeza springi waliigusa lini.

Sasa ushauri wa madereva. Kuziba breki za mbele: hapana, na ukigundua zimeshazibwa, zizibuliwe kabla gari halijatoka yadi. Ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, na ekseli ya mbele ndiyo inayokuwa na mshiko mzuri kuliko zote. Ukizifuta unahamishia kazi hiyo kwenye magurudumu ya nyuma, na ya nyuma yakifunga na kuteleza ndipo kichwa kinapojikunja. Yaani wanakwepa kile wanachokisababisha. Kutumia breki ya tela peke yake mlimani nako ni kuunguza busta sita ili kuzipumzisha sita. Zote 12 zigawane. Na kama yupo anayemwagia maji dramu za moto chini ya mlima ili zipoe haraka, mkataze. Dramu ni chuma cha kumimina, na inapasuka. Ufa wake unaweza usiuone mpaka siku itakapotawanyika.

Kwenye kuendesha, nitasema machache, kwa kuwa dereva wako inaonekana anaelewa. Gia ichaguliwe juu, kabla ya mteremko, maana kushusha gia katikati ya mlima na ikakataa kuingia ni kubaki na nyutro na Mungu. Kama gia na breki ya injini vinalizuia lori lisikimbie, mguu ubaki pembeni. Likianza kupita mwendo aliouchagua, tuseme kilomita 30 kwa saa, akanyage kwa nguvu inayohisika mpaka lishuke 22 hivi, kama sekunde tatu, aachie kabisa. Likirudi 30, tena. Asikanyage kidogo muda wote, na asipampu harakaharaka, kwa sababu kila kukanyaga kunatumia upepo ambao kompresa inatakiwa kuurudisha. Na wanaopiga nyutro wakidhani wanaokoa dizeli, wajue injini za pampu ya kielektroniki hukata mafuta mguu ukitoka kwenye pedali na gia ikiwa ndani. Ukitia nyutro, injini inabidi inywe ili isizime. Hakuna wanachookoa.

Breki ya eksosi na retada, vile vifaa vya kupunguza mwendo bila kugusa breki za magurudumu, kwenye magari ya mtumba mara nyingi hazifanyi kazi kwa ajili ya waya mmoja au vali moja ndogo. Tengeneza hizo kabla ya kununua taa za mapambo. Nakwambia hivyo kwa sababu nimeona bonet zimewaka taa kama harusi na breki ya eksosi imeng'olewa.

Asubuhi kabla ya safari dereva afanye haya, na hayamchukui muda. Avute vikamba vya kumwaga maji kwenye matanki yote, akianza na lile la kwanza kutoka kompresa. Maji kidogo ni kawaida. Maji mengi kila siku maana yake kikausha upepo, draya, kimechoka, kibadilishwe kopo lake. Mafuta meusi ni kompresa inapumua mafuta, na mafuta hayo yanalainisha na kuozesha mipira ya vali zote; hilo si la kusubiri mwisho wa mwezi. Halafu upepo ukijaa, injini izimwe, breki ziwe zimeachiwa, aangalie geji dakika moja. Kwa kichwa na tela, zisishuke zaidi ya psi 3, yaani kama bar 0.2. Akanyage pedali, asubiri itulie, ashikilie dakika nyingine: zisizidi psi 4. Zikizidi, sikio na maji ya sabuni vitaonyesha wapi. Kisha apampu pedali upepo ushuke: king'ora cha upepo mdogo lazima kilie, na upepo ukiendelea kushuka, hendibreki lazima ijivute yenyewe. King'ora kilichozimwa kwa sababu "kinapiga kelele" kirudishwe leo.

Kipimo kimoja kitamu zaidi hakipo kwenye vitabu vingi. Akimaliza Kitonga, akifika Ruaha Mbuyuni kwa wauza vitunguu, asimame mahali tambarare, azunguke lori akisogeza nyuma ya mkono karibu na kila habu bila kugusa. Au mnunulieni kipimajoto cha kuelekezea, hakifikii bei ya tairi. Magurudumu ya ekseli moja yanapaswa kukaribiana joto. Lile lililo baridi kati ya wenzake ndilo lisilofunga breki, na lile linalochoma kupita wote ama linaburuza ama linawafanyia wenzake kazi. Aandike ni lipi. Gari likirudi yadi fundi ataanzia hapo, hatabahatisha.

Kuna mahali pa kumsimamisha fundi wako pia. Nusu ya nyuma ya busta, ile yenye springi, isifunguliwe yadini kwa hali yoyote. Springi ile imebanwa kwa zaidi ya tani moja ya nguvu, na mkanda wake ukiachia huruka kama risasi, imeshaua mafundi. Ikiharibika hubadilishwa nzima, baada ya kufungwa kwa boliti yake maalumu. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge na kuteleza) isiyozima, kompresa inayotema mafuta, na bushi za kemu zinazotakiwa kung'olewa na kuingizwa kwa vipimo, peleka kwa wenye mashine. Na baada ya matengenezo omba lori lipitishwe kwenye mashine ya rola ya kupima breki, lenye mzigo kama inawezekana, uone nguvu ya kila gurudumu kwa namba. Wakikupa karatasi, ihifadhi pamoja na zile namba za chaki.

Kwa sasa lisitoke na shaba mpaka busta zote 12 zipimwe. Kama hata mbili tu zimezidi kipimo, usikubali zibanwe. Mwambie fundi aing'oe slaki ya kwanza, ashike kemu kwa mkono aitikise juu na chini, na akuite uje uone inavyocheza.